Vitabu vya sheria, utawala na kujibadilisha: pa kuanzia na namna ya kusoma

Wengi wanaoanza na vitabu vya aina hii hukwama kwa kosa moja: wanavisoma vyote kwa mwendo wa riwaya, kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, huku wakipiga mstari kila sentensi tamu. Lakini vitabu hivi havifanani. Kitabu cha sheria huchakaa. Kitabu cha utawala kinabishana na mtu ambaye mara nyingi humwoni. Kitabu cha kujibadilisha kina jambo moja la kufanya, na kurasa mia mbili za kukubembeleza ulifanye. Kila kimoja kina njia yake ya kusomwa.

Tuanze na sheria, maana huko ndiko watu huchoka mapema. Kabla hujanunua wala kuazima, fungua ukurasa wa hakimiliki, ule ulio mgongoni mwa ukurasa wa jina la kitabu, utofautishe toleo na chapa. Toleo jipya maana yake mwandishi ameyapitia upya maandishi. Chapa mpya maana yake mtambo umerudia yaleyale. Kitabu kilichoandikwa "chapa ya sita 2021" huku toleo lake likiwa la 2004 ni kitabu cha 2004, hata kama karatasi inanukia upya. Kwa kitabu cha kueleza misingi, hilo halina neno. Kwa kitabu cha kodi, ajira, ardhi au kampuni ni hatari, kwa sababu kifungu kikifutwa, kitabu kilichoko kabatini hakina habari. Waandishi makini hutaja kwenye dibaji tarehe ambayo sheria wanayoieleza ilikuwa hivyo. Itafute tarehe hiyo, iandike kwa penseli kwenye jalada la ndani, na usikitegemee kifungu chochote kabla ya kukiangalia kwenye sheria yenyewe pamoja na marekebisho yake.

Cha kwanza kusoma kisiwe kitabu cha vifungu. Kiwe kinachoeleza sheria ni kitu gani na inafaa kuwaje. Hapo anza na The Rule of Law cha Tom Bingham, kilichotoka 2010. Bingham alikuwa jaji wa ngazi za juu kabisa Uingereza, lakini hapa aliwaandikia watu wasio wanasheria. Moyo wa kitabu ni kanuni nane za utawala wa sheria. Ya kwanza ni kwamba sheria iweze kupatikana na kueleweka na yule inayomhusu. Ya mwisho ni kwamba dola nalo liheshimu sheria za kimataifa. Soma kanuni moja kwa siku. Ukimaliza, funga kitabu uiandike kwa maneno yako kwa mistari miwili. Usipoweza, hukuielewa, rudi.

Cha pili ni The Morality of Law cha Lon Fuller, cha 1964. Hapa nakushauri kitu ambacho walimu wengine watakipinga: ruka sura ya kwanza, nenda moja kwa moja sura ya pili. Fuller anamleta mfalme wa kubuni aitwaye Rex, mwenye nia njema ya kurekebisha sheria za nchi yake. Rex anafuta sheria zote za zamani, lakini akijaribu kuandika mpya anashindwa kutoa kanuni za jumla, kwa hiyo anaamua kila kesi peke yake. Maamuzi yakapishana. Anaandika kanuni, anazifungia kabatini, watu hawazijui. Baadaye anatoa uamuzi mwishoni kwa mambo yaliyokwisha kutendeka. Anatangaza sheria, haieleweki. Inaeleweka, inajipinga. Haijipingi tena, lakini inadai yasiyowezekana. Kisha inabadilika kila kukicha. Mwisho sheria ni nzuri kwenye karatasi, ila hukumu anazotoa hazina uhusiano nayo. Njia nane za kushindwa kutunga sheria, na ni kichekesho mpaka utakapozitumia kwa kitu halisi. Chukua waraka wowote wenye kanuni, uwe wa chama chenu, wa chuo au mkataba wa kazi, uupime kwa makosa hayo nane moja baada ya jingine. Mara nyingi utakuta mawili: kanuni ambazo hakuna mwanachama aliyewahi kuziona, na kanuni ambazo viongozi hawazifuati.

The Concept of Law cha H.L.A. Hart, cha 1961, hutajwa kwenye kila orodha, na kwa haki. Lakini kiwe cha tatu au cha nne, na ukifungue sura ya tano, anapotenganisha kanuni zinazotuambia tufanye nini na kanuni zinazotuambia namna ya kutunga, kubadili na kutambua hizo za kwanza. Wanaokianza bila maandalizi hukiacha njiani, kisha wakajiona hawana akili ya sheria. Tatizo ni mpangilio tu.

Kusoma sheria yenyewe ni ufundi mwingine, na vitabu vingi havifundishi. Anza na kifungu cha tafsiri, si na kifungu unachokitafuta. Neno la kawaida kama "mwajiriwa" au "jengo" linaweza kupewa humo maana pana au finyu kuliko unavyodhani. Kisha zungushia duara vitenzi vya amri na vya hiari. Chukua sentensi kama hii: "Mwombaji atawasilisha fomu ndani ya siku 14, na Msajili anaweza kuongeza muda huo kwa kuzingatia masharti ya kifungu kidogo cha (3)." Mwombaji hana hiari. Msajili anayo, lakini imefungwa na kifungu kidogo cha (3), ambacho hujakisoma. Siku 14 zinaanza lini? Mara nyingi siku ya tukio haihesabiwi, lakini hilo hulijui mpaka uangalie sheria ya tafsiri, yaani ile inayoeleza namna ya kusoma sheria nyingine. Siku za kazi au za kalenda? Sentensi moja, maswali manne. Kinachowaangusha wapya ni "na" na "au" kwenye orodha ya masharti: wanatimiza sharti moja wakidhani linatosha, kumbe kabla ya kipengele cha mwisho pameandikwa "na".

Hukumu ya mahakama nayo usiisome kwa kuruka mwisho uone nani alishinda. Gawa karatasi sehemu nne: yaliyotokea, swali lililoulizwa mahakama, jibu, na sababu ya jibu. Sababu ndiyo hubebwa kwenda kwenye kesi nyingine. Jaji anaweza pia kusema mengi ya pembeni ambayo hayakuhitajika kufikia uamuzi, na hayo ndiyo hunukuliwa ovyo kwa kuwa hunoga. Jiulize: sentensi hii ikifutwa, uamuzi ungebaki vilevile? Kama ungebaki, ni maoni ya pembeni.

Kwenye utawala swali la kwanza kwa kila kitabu ni moja: anabishana na nani? Mfano mzuri ni The Federalist, makala 85 zilizoandikwa na Alexander Hamilton, James Madison na John Jay kwenye magazeti ya New York mwaka 1787 na 1788, chini ya jina la Publius. Watu huzisoma kama msahafu. Zilikuwa maandishi ya kampeni, ya kuwashawishi wapigakura wa jimbo moja waikubali katiba mpya ya Marekani. Hilo halizishushii thamani, ila lazima uzisome pamoja na upande wa pili. Mpinzani mmoja aliandika kwa jina la Brutus. Makala yake ya kwanza inasema jamhuri kubwa mno haiwezi kudumu, kwa kuwa wawakilishi watakuwa mbali na watu na maslahi yatagongana. Soma hiyo kwanza, kisha namba 10 ya Madison, anayeigeuza hoja juu chini: ukubwa ndio dawa, kwa sababu makundi yakiwa mengi si rahisi moja likayatawala mengine. Halafu namba 51, kuhusu mihimili ya dola kuzuiana kwa tamaa ya mmoja dhidi ya tamaa ya mwingine. Malizia na Brutus namba 15, anayeogopa majaji wasio na wa kuwasahihisha, ukiipambanisha na namba 78 ya Hamilton, anayesema mahakama ndiyo mhimili dhaifu kwa kuwa haina fedha wala jeshi. Makala tano, jioni tatu. Utatoka na mengi kuliko anayezisoma zote 85 bila upande wa pili.

Machiavelli, mwandishi wa siasa wa Italia, utamkuta tu, hata usipomtafuta. The Prince kina sura fupi 26. Aliandika 1513, kikachapishwa 1532, yeye akiwa amekufa miaka mitano nyuma. Karibu kila nukuu unayoisikia inatoka sura ya 17 na 18. Ukisoma hizo tu utapata mbinu za hila bila swali lililozizaa, ambalo ni namna mtawala mpya, asiye na mazoea ya kurithi ya kumtegemeza, anavyoweza kudumu. Kwa hiyo soma kuanzia sura ya kwanza. Ni ndogo.

Kitabu ninachokiona kinasahauliwa kuliko vyote ni Governing the Commons cha Elinor Ostrom, cha 1990. Ostrom alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009. Swali lake: watu wanaotumia malisho, maji au samaki kwa pamoja wanawezaje kujitawala bila kukimaliza kitu chenyewe, na bila kungoja serikali au mnunuzi binafsi? Lugha yake ni nzito, kwa hiyo soma sura ya kwanza na ya tatu kwanza. Sura ya tatu ina kijiji cha Törbel, Uswisi, ambako kanuni ya mwaka 1517 ilikataza mwanakijiji kupeleka ng'ombe wengi malishoni mlimani kuliko alioweza kuwalisha majira ya baridi. Angalia ufundi wa kanuni hiyo. Haihitaji mtaalamu wa kupima nyasi. Kila jirani anajua zizi lako lina ng'ombe wangapi na una majani kiasi gani. Baada ya mifano hiyo ndipo zinakuja kanuni zake nane, na ukizisoma bila mifano hazina ladha. Anayesimamia chama cha akiba, kisima au jengo la wapangaji atapata humo zaidi kuliko kwenye vitabu kumi vya uongozi.

Sasa vitabu vya kujibadilisha. Huku ndiko kwenye pumba nyingi, kwa hiyo kipimo kiwe kikali. Fungua tanbihi. Kama mwandishi anasema "utafiti umeonyesha" bila kutaja upi, punguza imani nusu. Dai maarufu kuliko yote, kwamba mazoea hujengeka kwa siku 21, lina asili yake kwenye kitabu cha daktari wa upasuaji wa sura, Maxwell Maltz, cha 1960. Yeye aliongelea muda ambao wagonjwa huchukua kuizoea sura mpya, na alisema angalau siku 21 hivi. Neno "angalau" likapotea njiani. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake, uliotolewa 2009, ulifuatilia watu 96 waliochagua tendo moja dogo la kila siku. Mtu wa katikati alichukua siku 66, lakini kati ya mtu na mtu ilikuwa kuanzia 18 hadi 254, na hiyo 254 ni makadirio ya hesabu, kwa kuwa utafiti ulidumu siku 84 tu. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Hilo la mwisho lina faida kuliko namba zote, maana kinachowaua wengi ni kuacha kabisa baada ya kukosa mara moja.

Hata vitabu vikubwa huchakaa. Thinking, Fast and Slow cha mwanasaikolojia Daniel Kahneman, cha 2011, ni kizuri mno, lakini sura ya nne ilijengwa juu ya majaribio ambayo mengine yaliporudiwa hayakutoa matokeo yaleyale, na mwenyewe alikiri 2017 kwamba aliyaamini kupita kiasi. Kisome, sura hiyo uipitie kwa tahadhari.

Wa kale ni wa bei nafuu na hawana ahadi za uongo. Enchiridion, mafundisho ya mwanafalsafa Epictetus yaliyokusanywa na mwanafunzi wake Arrian, ina vipande vifupi 53. Kipande kimoja kwa siku kinatosha. Marcus Aurelius, kaisari wa Roma, kwenye Meditations alijiandikia mwenyewe, ndiyo maana anajirudia, usimsome mfululizo.

Na kama unataka mbinu unayoweza kuinakili leo jioni, tafuta tawasifu ya Benjamin Franklin, mahali anapoeleza maadili yake 13. Alianza na 12; rafiki mmoja akamwambia ana majivuno, akaongeza unyenyekevu. Kila ukurasa ulikuwa na safu saba za siku na mistari 13 ya maadili. Jioni aliweka nukta nyeusi penye kosa. Wiki moja alielekeza macho kwenye adili moja tu, mengine akiyaacha yaende kwa kawaida, na baada ya wiki 13 akaanza upya, mizunguko minne kwa mwaka. Wengi wanaoiga hukosea hapo: wanayashika yote 13 siku ya kwanza. Adili la mpangilio lilimshinda karibu kabisa, na anasema hivyo bila kuficha. Kwa kufuta nukta za zamani ili aweke mpya, daftari lake lilitoboka, akahamishia jedwali kwenye vibamba vya pembe za ndovu, mistari kwa wino mwekundu na alama za penseli za kufutwa kwa sponji yenye maji. Wewe tumia karatasi mpya kila wiki. Usizitupe za nyuma, kwa sababu mzunguko wa pili hausemi kitu usipouweka kando ya wa kwanza.