Maswali yenu: magadi, sanda na mikono iliyojenga piramidi

Tangu niandike kuhusu kaburi la Tutankhamun, mfalme wa Misri ya kale, maswali yamemiminika. Leo najibu matano.

Mwalimu, ni kweli piramidi zilijengwa na watumwa waliokuwa wakichapwa mijeledi? (Msomaji, Dodoma)

Si kweli, na swali hili hulijibu kwa furaha kila linaponijia. Herodotus, Mgiriki aliyefika Misri miaka kama 2,000 baada ya Firauni Khufu aliyejengewa piramidi kubwa kuliko zote, aliandika kwamba watu laki moja walitumikishwa kwa zamu, na picha hiyo ikaganda vichwani mwetu. Lakini Giza kwenyewe, penye piramidi hizo, umechimbuliwa mji wa wafanyakazi: matanuri ya mikate, mabweni, na mifupa tele ya ng'ombe, kondoo na mbuzi waliochinjwa ili watu wale washibe. Makaburi yao yako karibu na piramidi. Sikatai kwamba wengi waliitwa kazini kwa amri ya serikali, na kazi yenyewe iliumiza; migongo yao imechakaa kwa mizigo. Ila pia kuna mikono iliyovunjika, ikafungwa vizuri hadi ikaunga. Mtu aliwauguza.

Mwaka 2013, huko Wadi al-Jarf kwenye Bahari ya Shamu, yalipatikana maandishi kwenye mafunjo, karatasi zao za matete, ya msimamizi mmoja wa zama za Khufu aitwaye Merer, aliyeongoza kikosi cha watu wapatao 40. Ameandika siku kwa siku: wamepakia mawe ya chokaa kwenye machimbo ya Tura, wamelala njiani, wamefika Giza, wamerudi na mashua tupu. Safari mbili au tatu kila siku kumi. Nikisoma tafsiri yake naliona daftari la nahodha yeyote anayeijali kazi yake.

Na miaka kama 1,400 baadaye, mafundi wa kijiji cha Deir el-Medina waliochonga makaburi ya wafalme walicheleweshewa posho ya nafaka. Ilikuwa mwaka wa 29 wa utawala wa Ramesses III, karibu 1157 KK. Wakaacha kazi, wakaenda kuketi nyuma ya hekalu, wakasema wameletwa pale na njaa na kiu: hawana nguo, hawana mafuta, hawana samaki wala mboga. Huo ndio mgomo wa zamani kuliko yote tunaoujua kwa maandishi.

Maiti waliikaushaje hata ikadumu hivyo? (Msomaji, Mombasa)

Kwa magadi. Ndugu yake yule unayemtia kwenye maharage yaive upesi! Wao waliyachukua hasa Wadi Natrun, bonde lenye maziwa ya chumvi kaskazini-magharibi ya Kairo ya leo. Ubongo ulitolewa puani kwa kulabu. Ubavu wa kushoto ukapasuliwa, wakatoa ini, mapafu, tumbo la chakula na utumbo, kila kimoja kikahifadhiwa peke yake. Kisha mwili ukafukiwa ndani ya magadi makavu yaliyonyonya maji yote, ukapakwa mafuta na utomvu wa miti, ukazungushiwa vitambaa vya kitani. Shughuli nzima, tangu kifo hadi maziko, iliwekewa siku 70.

Moyo waliuacha mahali pake kwa makusudi. Kwao moyo ndio uliofikiri na kukumbuka, na huko mbele ya Osiris, mungu wa wafu, ungepimwa kwenye mizani dhidi ya unyoya wa Maat, yaani haki. Ukilemewa na maovu, unatafunwa na zimwi Ammit: kichwa cha mamba, kifua cha simba, nyuma kiboko.

Na maskini je? (Msomaji, Bujumbura)

Maskini alizikwa mchangani. Huko Gebelein walipatikana watu waliozikwa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, wamejikunja kama waliolala, na mchanga wa moto uliwakausha bila fundi wala malipo. Karne nyingi baadaye, huko Amarna, watu wa kawaida walifungwa kwa kitambaa na kuviringishwa kwenye mkeka. Hata wenye uwezo kidogo mara nyingi walitumia mashuka ya nyumbani yaliyochakaa kuwa sanda. Jambo hili hunigusa kuliko dhahabu yote ya Tutankhamun: nguo aliyoivaa au kuilalia marehemu ndiyo iliyomsitiri.

Vile visanamu vidogo makaburini vilikuwa vya nini? (Msomaji, Kigoma)

Vibarua wa ahera. Vinaitwa shabti. Marehemu akiitwa huko kwenda kulima, kisanamu kingeitikia kwa niaba yake: "Mimi hapa!" Tutankhamun alikuwa navyo 413, kimoja kwa kila siku ya mwaka, na vilivyobaki wasimamizi wao.

Wamisri hao waliwahi kufika pwani yetu? (Msomaji, Lamu)

Hakuna ushahidi wa kuaminika. Walifika Punt, nchi ya upande wa kusini wa Bahari ya Shamu. Nyani waliohifadhiwa kama mumia, walioletwa kutoka huko, wamepimwa na kuonyesha asili ya Eritrea, Ethiopia au Somalia. Ukienda Deir el-Bahari, kwenye hekalu la malkia Hatshepsut, utaiona safari hiyo imechongwa ukutani: nyumba za Punt juu ya nguzo, ngazi zikiegemea milangoni, nyani wakipanda kamba za merikebu, na wanaume wamebeba miti ya manemane mabegani, mizizi yake ikiwa ndani ya vikapu ili ikapandwe Misri.