Re: SIGILL ingawa nakagua AVX2 kwanza
Salaam mkuu. Kwa hiyo msimbo wako unakagua kama prosesa ina AVX2 (amri za kuchakata data nyingi kwa mpigo, toleo la pili la AVX), ila kwenye mashine ya zamani isiyo na AVX unakufa kwa SIGILL (ishara kwamba prosesa imepewa amri isiyoijua) kabla hata ya kufika kwenye ukaguzi. Cha kwanza: mradi mzima umeukompaili kwa -mavx2, flagi inayoruhusu kompaila kutumia amri za AVX2 popote? Mimi hufungua gdb (kitatuzi cha hitilafu) na kuandika x/i $pc, inionyeshe amri programu ilipofia. Ukikuta vmovdqu, ambayo ni amri ya AVX, ndani ya main, basi kompaila ndiyo iliyoipenyeza.

Flagi hiyo iwekee faili la fankisheni za vekta peke yake. Na humo usiingize faili za .h zenye fankisheni za inline, maana kila faili linaloziingiza linaweza kupata nakala yake. Linka (inayounganisha mafaili kuwa programu moja) inaweza kuchagua nakala yenye AVX iitumie kila mahali, na hapo utatafuta mchawi bure.

Ukaguzi wenyewe iachie __builtin_cpu_supports("avx2"), fankisheni ya kompaila yenyewe. Ukishikilia kutumia CPUID (amri ya kuiuliza prosesa ina uwezo gani), angalia pia biti ya OSXSAVE na jibu la amri ya XGETBV, maana mfumo endeshi nao lazima uwe unahifadhi rejista za YMM, zile ambazo AVX hutumia.