Saa za kazi mahali umeme unaporudi saa kumi usiku

Nilipokabidhiwa kikundi cha watu sita wa kutengeneza programu za simu hapa Lubumbashi, kitu cha kwanza nilichonunua ni daftari la mahudhurio. Saa mbili kamili asubuhi, kalamu mezani. Ukichelewa, jina lako linapigwa mstari mwekundu.

Binti mmoja aliyekuwa akitokea Ruashi, mtaa wa hapa Lubumbashi, alipata mistari kumi na mmoja mwezi wa kwanza. Nikamwandikia barua ya onyo. Aliisoma amesimama, akaikunja mara nne, akasema: "Papa, kwetu umeme inarudiaka saa kumi ya usiku. Njo saa nafanyaka kazi." Yaani, ndiyo saa anayofanya kazi. Nikafungua kompyuta nitazame. Kweli, karibu kazi yake yote iliingia kabla jua halijachomoza, tena ilikuwa safi kuliko ya wale waliowahi kusaini. Miezi miwili baadaye akaondoka, na sikuwa na la kumzuilia.

Basi wewe unayeanza kampuni yako, chagua saa chache za kuwa pamoja, nyingine ziache. Sisi tulichukua saa nne hadi saa saba mchana, kwa sababu wateja wetu wengi wako Kinshasa na saa yao iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Kikao chao cha saa tatu, kwetu ni cha saa nne. (Nimewahi kuwangojea saa nzima huku nikinung'unika, kumbe kosa ni langu.) Jumatatu kila mtu anaandika atakachokabidhi Ijumaa. Katikati hapo simuulizi mtu alikuwa wapi. Ijumaa ndiyo ninauliza.

Ila usifanye uhuru huo kuwa mlango wa kumnyonya mtu. Sheria ya Kazi ya Kongo ya 2002 inaweka kikomo cha saa 45 kwa wiki, na mimi nazihesabu hata zile za usiku anazofanyia mtu sebuleni kwake. Kuna na ujanja wa kumwita kijana kibarua mwaka mzima. Sheria hiyohiyo inasema kibarua akishafanya siku 22 ndani ya miezi miwili, ukimchukua tena kabla miezi hiyo haijaisha, mkataba wake unahesabiwa kuwa wa muda usio na kikomo. Mwandikie mkataba mapema, yaishe.

Halafu bando. Ukimwambia mtu afanyie kazi nyumbani, gharama zako umezihamishia kwake. Lipa bando na mafuta ya jenereta kwenye mstari wake wa hesabu, mbali na mshahara. Na kabla ya viti vizuri, nunua betri.

Daftari lile bado lipo. Mlinzi huandika humo saa umeme ulipokatika na saa uliporudi, na Jumatatu, kabla ya kupangiana kazi, tunalisoma kwanza.