Kunakili chipu pekee hakutoshi kwenye Vantage Pro2

Mkuu, umenakili AT45DB011D, chipu ya kumbukumbu iliyo kwenye loga (kifaa cha kuhifadhi data) ya rafiki yako, ukachomeka kwenye konsoli ya kituo chako cha hali ya hewa cha Davis Vantage Pro2, na konsoli imenuna, haiitiki. Lazima inune. Chipu hiyo ina rejista ya usalama (sehemu ndogo maalumu ya kumbukumbu) ya baiti 128: 64 za kwanza unaziandika wewe, na ndimo unamokaa msimbo, 64 za mwisho ni kitambulisho cha kiwandani, na hakuna chipu mbili zinazofanana. Konsoli za matoleo ya baadaye hukagua kama pande hizo mbili zinaendana, kwa hiyo msimbo wa mwenzako haufai kwako.

Soma kitambulisho chako kwa amri 77h, pata msimbo unaoendana nacho, ndipo uandike kwa 9Bh. Hapo taratibu! Rejista huandikwa mara moja tu. Tuma baiti zote 64 kwa mkupuo, ukikosea imekula kwako. Kama ulishaiandika, nunua chipu nyingine, hakuna ujanja.

Kusoma na kuandika chipu, tumia Arduino (bodi ndogo ya kuprogramu) ya volti 3.3. Kisha unganisha konsoli kwa kebo ya USB-TTL ya volti hizo hizo, si RS-232 (bandari ya zamani ya kompyuta yenye volti kubwa zaidi) moja kwa moja, kasi baud 19200. Kwenye programu ya terminal ya kompyuta, iamshe konsoli kwa kubonyeza Enter, andika TEST; ikirudisha TEST, umeshafika.