Wasomaji Wanauliza: Kombora Jipya la Manowari Huanzia Kwenye Karatasi Gani?

Barua tano tulizochagua safari hii, nne kutoka mkoa wa Kigoma na moja Tabora, zinauliza habari za majeshi ya majini kuwaita wenye viwanda walete mapendekezo ya utafiti wa makombora mapya ya meli. Tumetumia zaidi mfano wa Marekani, kwa sababu kanuni zake za ununuzi ziko wazi kwa yeyote kuzisoma.

Wahariri, salaam. Nimesikia jeshi la majini la Marekani hutangaza hadharani kwamba linataka mapendekezo ya utafiti wa kombora. Jeshi lenye wahandisi wake linaomba nini kwa watu wa nje? Siri zinabaki wapi? Na hii si zabuni tu kama zile za halmashauri? – Fundi wa kuchomelea, Mwanga, Kigoma

Si kama ya halmashauri, fundi. Halmashauri ikitaka madawati 200 inajua dawati ni kitu gani: mbao, urefu, idadi ya misumari. Inamtafuta wa kulitengeneza kwa bei ya haki. Jeshi linapoita mapendekezo ya utafiti, kitu chenyewe hakijakuwepo. Linanunua jibu la swali, na jibu hilo linaweza kuwa “haiwezekani”. Hata hilo hulipiwa, mradi kazi iliyoahidiwa imefanyika.

Karatasi zinazotoka ni za aina tatu, na anayezichanganya anapoteza muda wake. Kuna ombi la taarifa: jeshi linauliza soko lina nini. Kanuni zinasema majibu yake si ofa, na serikali haiwezi kuyageuza kuwa mkataba. Kuna tangazo pana la utafiti, linalotaja eneo la tatizo na kuacha kila mtu aje na njia yake. Hapa maandiko hayalazimiki kushindanishwa moja na jingine, kwa sababu hakuna kazi moja iliyoandikwa kwa wote; kila moja hupimwa na wataalamu kwa ubora wake. Halafu kuna ombi rasmi la mapendekezo ya mfumo maalumu, lenye masharti, vigezo na mshindi. Soma ukurasa wa kwanza ujue umeshika ipi.

Watu wa nje wanahitajika kwa sababu viwanda ni vyao. Harpoon, iliyoingia kazini mwaka 1977, ilitengenezwa na McDonnell Douglas, ambayo leo iko ndani ya Boeing. Jeshi lina maabara na viwanja vyake vya majaribio, lakini kazi yake kubwa ni kuuliza vizuri na kupima kwa ukali.

Siri hazimo kwenye tangazo la wazi. Humo mna maneno mapana tu. Umbali, kasi na aina ya shabaha hukaa kwenye kiambatisho anachopewa mwenye kibali cha usalama peke yake.

Wanangu, mimi ni baharia mstaafu. Liemba yetu iliwahi kuwa meli ya vita ya Wajerumani, ikabeba mzinga. Sasa manowari za leo, kwa nini kila baada ya miaka kadhaa wanataka kombora jipya? La zamani limeoza? – Mzee wa Ujiji

Shikamoo, mzee wetu. Haliozi sana. Kinachobadilika ni adui yake.

Tarehe 21 Oktoba 1967 manowari ya Israeli iitwayo Eilat ilizamishwa karibu na Port Said kwa makombora ya Kisovyeti yaliyorushwa na boti ndogo za Misri. Boti ndogo kuiua manowari kubwa kutoka mbali! Kila jeshi la majini liliamka. Tarehe 4 Mei 1982, kwenye vita vya Falklands, kombora la Kifaransa la Exocet lililorushwa na ndege ya Argentina liliipiga HMS Sheffield ya Uingereza. Watu 20 walikufa, na siku sita baadaye meli ikazama ikiwa inavutwa. Toka hapo meli zimeongezewa rada kali zaidi, mizinga ya kujikinga inayofyatua yenyewe na vifaa vya kulipumbaza kombora linalokuja. Kombora la miaka ya 1970 linalotegemea rada yake kutafuta shabaha linakutana na meli iliyojifunza kulidanganya. Ndiyo sababu shirika la utafiti wa ulinzi la Marekani, DARPA, lilianza mwaka 2009 mradi wa kombora la masafa marefu la kupiga meli, LRASM, linalotakiwa kuitambua shabaha yake hata msaada wa nje ukikatika. Ndege za Marekani za kudondosha mabomu, B-1B, zilianza kuwa nalo mwishoni mwa 2018.

Nawe mzee umeigusa Liemba, na historia yake ni somo zuri kwa wanaoandika mapendekezo. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 ikiitwa Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande, ikapakiwa kwenye masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma, ikaunganishwa hapa na kushushwa majini Februari 1915. Aliyeichora alilazimika kujua upana wa behewa kabla ya kufikiri upana wa meli. Baadaye ikapewa mzinga wa milimita 105 uliotolewa kwenye manowari Königsberg, iliyokwama Rufiji. Mzinga wa meli nyingine. Na Julai 1916, Wajerumani walipoizamisha wenyewe, mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito kwanza. Ilipoibuliwa mwaka 1924, injini zilikuwa bado zinafaa.

Nafundisha fizikia sekondari. Ningependa wanafunzi waone pendekezo halisi la utafiti wa namna hii lina sehemu gani, na kwa nini mengi yanatupwa. – Mwalimu, Kasulu

Mwalimu, hatua ya kwanza mara nyingi ni andiko fupi la kurasa chache, zaidi ya kumi ni nadra. Mwandishi anaambiwa “endelea” au “usijisumbue”. Hatua hii inaokoa fedha za pande zote mbili, kwa hiyo haifai kuiruka. Akitiwa moyo, anaandaa pendekezo kamili la juzuu mbili zinazotenganishwa makusudi: ya ufundi na ya gharama.

Juzuu ya ufundi inaanza na tatizo, kwa sentensi mbili au tatu tu. Inafuata njia inayopendekezwa na sababu ya kuamini itafaulu: hesabu, modeli, matokeo ya maabara. Kisha kazi moja moja, ratiba, na vituo vya kupimika. “Tutaboresha kitafutio”, yaani sehemu ya kombora inayotafuta shabaha, si kituo. “Mwezi wa tisa kitafutio kitaonyeshwa kwenye benchi kikitofautisha meli na kinyago chake cha kudanganyia mara kadha wa kadha katika majaribio mia” ni kituo, maana siku hiyo ikifika jibu ni ndiyo au hapana. Halafu watu watakaofanya kazi, vifaa walivyo navyo, na hatari: kipi kinaweza kugoma, utakijuaje mapema, utafanya nini kikigoma. Andiko lisilo na hatari hata moja humtia shaka mpimaji kuliko lenye kumi.

Juzuu ya gharama inataka saa za kazi kwa kila kada ya mtaalamu, vifaa kimoja kimoja, safari, wakandarasi wadogo, gharama za uendeshaji, na ada. Kwa mkataba wa utafiti unaorudisha gharama na kuongeza ada maalumu, ada hiyo kisheria haivuki asilimia 15 ya gharama iliyokadiriwa. Hesabu za juzuu hii zisipolingana na kazi za juzuu ya kwanza, mathalani kazi sita zimeandikwa lakini saa zimewekwa kwa kazi nne, pendekezo limejifunga lenyewe.

Sasa yanayolitupa nje.

La kwanza ni kudanganya utayari. Teknolojia hupimwa kwa ngazi 1 hadi 9. Ngazi ya 1 kanuni ya kisayansi imeonekana tu. Ya 4 vipande vimefanya kazi pamoja maabara. Ya 6 mfano umejaribiwa kwenye mazingira yanayokaribia ya kweli. Ya 9 chombo kimefanya kazi yake halisi. Wanafunzi wako watalielewa ukiwapa injini ya boti: kuunguruma vizuri karakanani Kibirizi si sawa na kuvuka ziwa upepo wa kusi ukiwa umekaza. Waandishi wengi huwa kwenye ya 4 na huandika 6. Mpimaji anauliza swali moja, “ulijaribia wapi?”, na mambo yanaishia hapo.

La pili, na kwetu ndilo linalouma zaidi kwa sababu mawazo mazuri hufia hapa, ni kuisahau meli. Manowari nyingi za Marekani na za washirika wake hurusha makombora kutoka mtambo wa wima uitwao Mk 41. Kombora huja ndani ya kisanduku chenye upande wa takriban sentimita 63, na mtambo una vimo vitatu, kirefu kabisa kama mita 7.7. Kombora lako likizidi sentimita tano, hujapendekeza kombora tu, umependekeza kukata sitaha za meli. Kwa upande mwingine, ESSM, kombora la kujikinga, liliundwa likae manne kwenye kisanduku kimoja, na sifa hiyo peke yake inazidisha akiba ya meli bila kuongeza tundu. Msomaji aliyeelewa masanduku ya Liemba ameshaelewa jambo hili.

Tena meli ni mahali pabaya kwa chombo chochote cha umeme. Chumvi, mtikisiko wa miezi, joto la sitaha, na rada zenye nguvu zinazoweza kuingiza umeme kwenye nyaya zisizokingwa. Tarehe 29 Julai 1967, kwenye manowari ya ndege USS Forrestal, msukumo wa ghafla wa umeme ulifyatua roketi iliyokuwa imefungwa kwenye ndege sitahani. Ikapiga tangi la mafuta la ndege nyingine, moto ukafikia mabomu, na watu 134 wakafa. Ndiyo maana mpimaji hutafuta mapema maelezo ya vitu viwili: viwashio vitakingwaje na mawimbi ya redio, na silaha itafanya nini ikiunguzwa au kupigwa. Lengo ni iungue taratibu, isilipuke. Pendekezo linaloahidi “usalama utashughulikiwa awamu ya pili” linaonyesha mwandishi hajawahi kuishi na mabaharia.

La tatu ni dogo na la aibu: kuchelewa. Dakika moja baada ya saa iliyotajwa ni nje, isipokuwa kwa sababu chache sana zilizoandikwa kwenye kanuni.

Wengine huuliza kama wazo halitaibwa. Kuna tamko la kuzuia matumizi linalowekwa kwenye jalada, na kila ukurasa wenye siri ya kampuni unawekewa alama yake. Ukiweka kwenye jalada tu ukasahau kurasa za ndani, umejinyima kinga.

Nasoma ununuzi na ugavi. Tulifundishwa ushindani ndiyo roho ya zabuni. Inawezekana jeshi kubwa likabaki na mshindani mmoja? – Mwanachuo, Tabora

Inawezekana, na ilitokea. Jeshi la majini la Marekani lilipotafuta kombora la kupita upeo wa macho kwa meli zake ndogo za pwani, Boeing ilijitoa mwaka 2017, Lockheed Martin nayo ikajitoa. Sababu waliyoitoa inafanana: masharti, kadiri yalivyorekebishwa, hayakuthamini sifa ambazo bidhaa zao zilikuwa nazo na zilizozipandisha bei. Likabaki kombora la Kongsberg ya Norwei, likiletwa kwa ushirika na Raytheon. Mei 2018 lilipewa mkataba wa awali wa takriban dola milioni 14.8, wenye nafasi ya kuongezwa hadi kama dola milioni 848.

Wapo wanaoliita kushindwa kwa ushindani. Hatukubaliani nao moja kwa moja. Masharti yalitaka kitu kilichokwisha kukomaa, kinachotosha meli ndogo, na mwenye nacho alipatikana. Kosa lingekuwa kuongeza masharti ili tu idadi ya wazabuni ipendeze. Kwenye mtihani wako, andika kwamba ushindani unajengwa wakati wa kuandika masharti. Siku ya kufungua bahasha umeshachelewa. Ombi la taarifa lipo kwa ajili hiyo: likisomwa vizuri, mnunuzi anaona mapema ni sharti lipi linamfukuza nani.

Nina karakana ya chuma na faiba, tunatengeneza boti. Je, kampuni ya Kitanzania inaweza kuomba kazi hizi za Marekani? Kuna kijana ananiambia nimlipe anisajili. – Mwenye karakana, Kibirizi

Usimlipe. Usajili kwenye SAM.gov, daftari la serikali ya Marekani la wanaotaka kufanya nayo biashara, ni bure, na kitambulisho cha herufi na tarakimu 12 unachopewa humo ni bure vilevile. Kampuni ya nje ya Marekani hutakiwa pia kupata NCAGE, namba ya kuitambulisha kampuni, nayo haiuzwi.

Kuhusu kombora lenyewe, mlango umefungwa. Michoro na data za silaha ziko chini ya sheria zao za udhibiti wa kuuza silaha nje, na kumwonyesha tu mgeni bila leseni ni kosa. Kilicho wazi kidogo ni sayansi ya msingi, kama kutu, mawimbi na vifaa vipya, ambayo ofisi yao ya utafiti wa majini, iliyoanzishwa 1946, hufadhili hata kwa watafiti wa nchi nyingine. Huko huenda chuo kikuu, karakana ikiwa mshirika. Ukifika huko angalia saa: saa 8 mchana ya Washington ni saa 3 usiku Kigoma wakati wa majira yao ya joto, na saa 4 usiku wakati wa baridi.

Kazi iliyo karibu nawe iko kwenye NeST, mfumo wa ununuzi wa serikali yetu, ambako boti za doria, za wagonjwa na za uvuvi hutangazwa. Andaa usajili wa BRELA, TIN, leseni ya biashara na uthibitisho wa kulipa kodi. Kisha fanya kama tulivyomwambia mwalimu: piga picha boti zako zikiwa majini zimebeba mzigo, andika uzito, mwendo na tarehe ya kila jaribio, na uambatanishe.