Kano ya farasi haitaki haraka

Pole sana, dada. Umesema farasi wako alichanika kano (ule ugwe unaounga msuli na mfupa) ya mguu wa mbele wiki sita zilizopita, sasa hachechemei, na unauliza kama unaweza kumpanda. Nakuomba usimpande bado. Maumivu hutulia mapema, lakini nyuzi za kano huunga polepole, mara nyingi miezi 9 hadi 12, na kovu lake halivutiki kama kano ya awali. Ndiyo maana wengi huumia tena palepale.

Daktari wa mifugo ampime kwanza kwa ultrasaundi. Akiridhika, mtembeze kwa kamba kwenye ardhi ngumu iliyo sawa, dakika 5 hadi 10 kwa siku, ukiongeza kidogo kidogo. Usimwachie uwanjani, akitimua mbio mara moja tu, kazi yote imeharibika. Nafaka punguza, nyasi kavu mpe.

Kinachonitia hofu zaidi ni mguu ule mzima, maana ndio unaobeba uzito wa mwenzake. Farasi Barbaro, bingwa wa mbio za Kentucky Derby za Marekani mwaka 2006, alivunjika mguu wa nyuma. Mfupa uliunga vizuri, lakini kwato za miguu mingine zikaugua, na Januari 2007 ikabidi auawe asiteseke zaidi. Kwa hiyo kila asubuhi gusa kwato zote nne. Ukikuta moja ina joto kuliko nyingine, au anahamisha uzito huku na huku, usingoje kesho, mpigie daktari saa hiyo hiyo.