Friji langu halikuuliwa na umeme

Jumapili iliyopita nimetoka kanisani, hata viatu sijavua, meseji ikaingia. Wifi yangu wa Arusha. "Wifi habari za Moshi. Nimepokea hela ya kikoba, nataka friji la milango miwili, friza juu, kama lako. Ila niambie ulinunua gadi ya kulinda friji ya aina gani, umeme usije ukaniunguzia kama ulivyokuunguzia wewe mwaka ule."

Nimeisoma mara tatu. Sijaijibu mpaka leo, na jibu lenyewe ndilo hili.

Ukoo mzima wa mume wangu unajua kwamba friji langu la kwanza liliunguzwa na umeme. Mume wangu naye anajua hivyo, na atasoma hapa leo kama ninyi wengine. Ukweli ni kwamba niliua friji lile mwenyewe, kwa kisu cha kukatia vitunguu, saa tano asubuhi, nikiwa peke yangu jikoni.

Tulikuwa tumehamia Pasua, vyumba viwili na jiko la bati lisilo na dari. Nyie mnaelewa ile hali ya kuanza maisha, unaona ukiwa na friji umeshakuwa mtu. Nikapata la mtumba kutoka Ulaya, rangi ya fedha, kwa laki tatu na nusu. Nililichagua kwa macho. Taa ya ndani inawaka, vioo vya rafu vizima, halina mkwaruzo. Muuzaji akalichomeka, nikaingiza mkono nikasikia baridi, nikalipa. Kibandiko cha ndani sikukisoma. Mpira wa mlango sikuugusa. Tukalilaza chali kwenye kirikuu kama gunia la mahindi, na kwa kuwa majirani walikuwa wametoka kuangalia, halijamaliza hata dakika kumi ndani nikaliwasha. Nilitaka walisikie likinguruma.

Baadaye nilikuja kujua kwamba friji likilazwa, mafuta ya kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, huhama na kuingia kwenye mabomba ya gesi, kwa hiyo linatakiwa lisimame saa kadhaa kabla ya kuwashwa. Nani aliniambia? Hakuna. Niliuliza nani? Hakuna.

Ikafika Februari. Mnaijua Moshi ya Februari. Friji halikupumzika usiku wala mchana, linanguruma tu, na uniti za LUKU zinayeyuka. Nikalaumu mita. Kumbe kibandiko kilikuwa kimeandikwa herufi N, yaani friji limetengenezwa kwa chumba chenye joto la nyuzi 16 hadi 32. Jikoni kwangu, chini ya bati, saa nane mchana, hizo 32 zilikuwa zimeshapita zamani. Yapo ya ST yanayofika 38 na ya T yanayofika 43. Herufi moja tu, imekaa pembeni ya droo ya mboga, na mimi nilikuwa nahesabu rafu.

Na mpira wa mlango ulikuwa umepasuka kwenye kona ya chini. Kidogo tu, ukubwa wa ukucha. Pale hewa ya joto na unyevu ilikuwa inaingia mchana kutwa na kugeuka barafu. Jumlisha na mazoea yangu ya kuingiza sufuria ya maharage ya moto bila mfuniko. Kila wiki barafu inanenepa, mwisho kifriza kikabaki tundu la kupitisha samaki mmoja.

Basi siku hiyo, ilikuwa Novemba, nikachukua kisu. Nilishazoea, na wengi wenu mnafanya hivyo hivyo, msiniangalie. Nikachokoa, barafu ikatoka kipande kizuri kama sahani, nikafurahi, nikachokoa tena. Kisu kikazama kidogo kuliko kawaida. Nikasikia fssss.

Mnajua nilifanya nini? Niliziba kwa kidole. Nilisimama pale na kidole kwenye tundu kama mtoto anayeziba mpira wa baiskeli, nikisali kimoyomoyo. Kidole kikaganda, nikakitoa, ikaendelea kutoka, halafu ikanyamaza.

Jioni ile umeme ulikatika ukarudi na taa zikachezacheza. Uongo ukajileta wenyewe. Nikasema, "Baba, umeme umeondoka na friji."

Fundi alipokuja alifungua kifriza, akapapasa, akaniangalia. "Mama, hapa pamechomwa na nini?" Nikamletea chai. Akauliza tena, siku hiyo jiko la gesi lilikuwa linawaka? Nikasema ndiyo, nilikuwa nachemsha maziwa. Akatikisa kichwa. Gesi ya friji lile ilikuwa R600a, na hiyo ni jamii moja na gesi ya jikoni, inashika moto. Ndani ya friji huwa ni kidogo, gramu 50 hivi, lakini ukisikia fssss zima jiko, fungua madirisha, usiguse swichi. Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwenye moto, nina kidole kwenye tundu.

Akaziba kwa gundi, akajaza gesi, nikalipa elfu themanini kutoka hela yangu ya siri. Alinionya kwamba bati la ndani ya kifriza ni alumini na gundi haina uhakika. Ilishika wiki tano.

Wiki ya tano iliangukia Krismasi ya 2017. Wanaotoka huku hawahitaji maelezo. Watu wamepanda kutoka Dar, mbuzi amechinjwa Kibosho, nyama imeletwa kwangu kwa sababu mimi ndiye mwenye friji. Tarehe 25 alfajiri nikafungua mlango, harufu ikanipokea. Mama mkwe hakusema neno, alibeba ndoo akatoka nayo nje. Wifi yangu ndiye aliyesema, mbele ya wageni: "Wengine wangenunua friji la maana kabla ya kununua kochi."

Tulikuwa tumenunua kochi mwaka ule. La maruni. Sentensi hiyo nimeibeba miaka minane, na leo mwenye nayo ananiuliza friji lipi anunue. Sicheki. Nacheka kidogo.

Friji nililonalo sasa lilinunuliwa katikati ya 2018 na halijawahi kuguswa na fundi. Halijawahi. Ni la milango miwili, friza juu, lita mia mbili na kidogo, la kawaida kabisa, halina kioo cha kuonyesha joto wala mdomo wa kutoa maji. Friji hizi zina vitu vichache ndani, kwa hiyo vya kuharibika ni vichache, na karibu kila fundi anazijua. Ubaya wake ni kwamba mboga ziko chini na unainama kila siku. Ukiwa na magoti mabaya fikiria hilo kabla ya rangi. Langu ni lile linalojenga barafu kwenye kuta za friza, halina feni. Ukinunua lile lisilojenga barafu hutasumbuka kuyeyusha, ila humo kuna feni na hita, na siku vikigoma utamtafuta fundi mwenye akili.

Dukani niliingia na noti ya elfu kumi. Unafungua mlango, unaweka noti, unafunga, unavuta. Ikitoka bila kubishana, mpira umechoka. Nilivuta kona zote nne na katikati, milango yote miwili. Kijana wa dukani akaniuliza kama nimekuja kununua au kukagua. Nikamwambia vyote. Na hata la kwako la zamani lipime hivyo hivyo leo jioni. Mara nyingi mpira haujafa, ni mchafu tu, uoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, futa mpaka kwenye mikunjo.

Nyumbani nililiacha limesimama mpaka siku ya pili, majirani watazame wanavyotaka. Nyuma nimeacha nafasi ya kiganja kizima kutoka ukutani, kwa sababu joto linalotolewa ndani linatokea huko, na zile waya nyeusi nazipiga brashi kila baada ya miezi mitatu. Miguu ya mbele nimeinyanyua kidogo mlango ujifunge wenyewe. Barafu ikifika nusu sentimita nazima, naweka sufuria ya maji ya moto ndani juu ya kitambaa, naacha mlango wazi, naenda kufua. Kisu hakiingii jikoni siku hiyo, hata mwiko hauingii. Ukiona maji yamejaa chini ya droo za mboga, kuna kitundu kidogo ukutani nyuma kimezibwa na jani la mchicha. Kizibue kwa mrija wa soda na maji ya vuguvugu.

Halafu ile swichi ya namba. Namba kubwa ndiyo baridi kali. Mume wangu aliweka 1 wakati wa joto akiamini ndiyo baridi ya mwisho, maziwa yote yakachachuka, na mwalimu wa fizikia ni yeye. Chini panatakiwa pasizidi nyuzi 4, juu hasi 18.

Mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 ulinikuta nimejiandaa. Chupa za maji zilizoganda zinajaza kila pengo kwenye friza. Friza iliyojaa ikifungwa inashika baridi saa 48, iliyojaa nusu saa 24, sehemu ya chini saa 4 tu. Lakini ufunge. Watu wanafungua kila nusu saa kuangalia kama nyama bado imeganda, na wao ndio wanaoiyeyusha.

Akina mama wenzangu, ngoja niseme hili nikae. Tunanunua vitu ili vionekane, halafu tunaogopa kuuliza tusije tukaonekana washamba. Kikiharibika tunamtafuta wa kumtwika. Umeme, fundi, muuzaji, mume. Mimi nilimtwika umeme miaka minane, na katika miaka hiyo kuna dada zangu wawili waliochokoa barafu kwa kisu kwa sababu sikufungua mdomo. Mmoja friji lake lilikufa. Nililia naye, nikamwambia pole, umeme huu.

Sasa wifi, jibu lako. Gadi nunua yoyote inayochelewesha umeme dakika chache ukirudi, kwa sababu kompresa ikizimwa ikawashwa papo hapo inasukuma gesi ambayo bado ina mgandamizo, nayo inaungua kweli. Usipokuwa nayo, chomoa, subiri dakika tano. Chomeka ukutani moja kwa moja, siyo kwenye ekstensheni yenye pasi na televisheni. Na huko kwenu Sakina usiliweke kibarazani. Baridi ya Julai ikishuka sana friji linadhani kazi imekwisha, kompresa inalala, na friza ya juu inaanza kulainika. Kipima joto chake kiko chini, hakijui habari za juu.

Ila kabla hujalipa popote, panda gari uje uone langu. Njoo na noti ya elfu kumi, isiwe imechakaa. Ukichelewa kurudi usihangaike na nyumba ya wageni, utalala kwenye lile kochi.